Kidole Kimoja kwenye Ugoko

 

Jioni hii nina maneno na mtu mmoja. Sijakutana naye, lakini namjua. Ameshajiandikisha kukimbia mbio ndefu, ada amelipa, namba ya kifuani ameihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Kazini wote wanajua kwamba mwaka huu anakimbia. Na mguu unamuuma. Unamuuma wiki ya tatu sasa, hajamwambia mtu. Usiku watoto wakishalala anapaka dawa ya kuchua, na asubuhi akishuka kitandani, hatua tatu za kwanza anashika ukuta. Ndugu yangu, hapo ulipo, sogeza redio karibu. Nimepita hapo.

Mji wetu umekuwa mji wa watu wanaokimbia. Nakumbuka miaka ambayo ukimwona mtu mzima anakimbia barabarani alfajiri, ulimuuliza kuna nini nyumbani. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, ofisi zilikuja na watu wake, na watu wakaja na vikundi vyao vya joging. Siku hizi Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mlima Imagi bado ni kivuli tu, utasikia raba zinapiga lami na sauti moja inaanzisha wimbo wa mchakamchaka, wengine wanaitikia. Tangu 2020 tuna NBC Dodoma Marathon pale Uwanja wa Jamhuri, na fedha zake zimekuwa zikisaidia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mtu aliyelipa ada ya mbio za namna hiyo anajua kwamba kuna mwanamke mahali fulani atapimwa kwa sababu yake. Kumwambia apumzike si jambo jepesi. Ndiyo maana naanza na hili: ada yako imekwisha kufanya kazi yake. Usipokimbia hata hatua moja, yule mwanamke bado atapimwa.

Na majina tunayo. Juma Ikangaa alizaliwa hapa hapa Dodoma mwaka 1957. Mwaka 1988 aliikosa Boston kwa sekunde 1 tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya, na mwaka uliofuata akaichukua New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, Septemba 2025 kule Tokyo alimpata Mjerumani Amanal Petros utepeni kabisa, wakaachana kwa sehemu 3 za mia za sekunde, na Tanzania ikapata bingwa wa dunia. Tunawataja kwa fahari, na tunastahili fahari hiyo. Lakini mguu ukiuma, jina linalotajwa kwenye vikundi vyetu ni moja, na si la mshindi.

John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu, ng'ambo ya Kondoa na Babati. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikuwa Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Dodoma yetu. Wakimbiaji 75 waliondoka. Karibu na kilomita ya 19, katika kusukumana kugombea nafasi, Akhwari akaanguka. Goti likateguka, bega likapiga lami. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye. Giza limeshaingia, medali zimeshavaliwa, kwenye viti wamebaki watu elfu chache. Bendeji inaning'inia gotini. Anatembea, anajaribu kukimbia, anatembea tena. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Kila nikilikumbuka jibu hilo moyo unajaa. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu nitakayoyasema hayampunguzii Mzee Akhwari hata chembe.

Miaka michache iliyopita nilijiandikisha kukimbia kilomita 42 hapa mjini. Nilikuwa nimezoea 10, nimekwisha kukimbia 21 mara mbili. Zilipobaki wiki 9 nikaona nimechelewa, nikaongeza kilomita haraka haraka: wiki hii 30, ijayo 45, inayofuata karibu 60. Na raba nikabadilisha katikati, nikanunua za mtumba zilizokuwa nzuri kwa macho lakini soli imeliwa upande mmoja. Wiki ya nne nikahisi kitu kwenye ugoko wa mguu wa kushoto, upande wa ndani, kiganja kimoja na nusu juu ya kifundo. Kilianza kama mwasho. Nikikimbia kilomita 3 kinakuja, nikisimama kinaondoka. Wiki iliyofuata kikawa kinakuja kilomita ya kwanza. Kisha kikawa kinakuja nikipanda ngazi za ofisi. Mwisho kikaanza kuniamsha usiku.

Nilifanya yale tunayofanya wote. Nilichua. Nilikwenda kwa mtu mwenye mikono ya nguvu akanikanda hadi machozi yakatoka, na ugoko ukalala umevimba. Nilikunywa vidonge. Na usiku wa kuamkia mbio, mwenzangu mmoja wa kikundi, mtu mwema anayenipenda, alinitumia ujumbe wenye mstari mmoja: Kumbuka Akhwari.

Nikamkumbuka. Niliondoka naye asubuhi ile kama anakimbia pembeni yangu. Mnaoijua Barabara ya Dar es Salaam mnajua upepo wa kiangazi unavyokuja kutoka upande wa Ihumwa, una vumbi jekundu na baridi ya asubuhi, unaingia kwenye meno. Kidonge kilinibeba kilomita 15. Kilomita ya 20 nilikuwa nakanyaga kwa upande wa nje wa mguu, na nyonga ya kulia nayo ikaanza kulalamika kwa sababu ilikuwa inabeba kazi ya miguu miwili. Kilomita ya 27 nilikanyaga, na mguu ukakataa. Siwezi kulisema vizuri zaidi ya hivyo. Haukuwa uchovu. Niliuambia nenda, ukakataa.

Pembeni pale alikuwapo mama mmoja na meza yake ya ubuyu na karanga, amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi. Aliinuka, akanisogezea kigoda chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Keti."

Nikamwambia siwezi kukaa, nikikaa sitainuka, zimebaki kilomita 15. Akautazama mguu, hakunitazama mimi. Akasema, "Sisi nyumbani tuna ng'ombe. Ng'ombe akichechemea hatumpeleki machungani. Anabaki zizini, watoto wanamkatia majani. Na wewe una watoto?"

"Ninao wawili."

"Haya. Keti."

Nikakaa. Nililia, na alikaa karibu yangu mpaka nilipomaliza.

Hospitali walinipiga picha ya eksirei na picha haikuonyesha kitu. Nilitaka kushukuru niondoke. Daktari akaniambia ningoje, akanyoosha kidole kimoja, akaanza kubonyeza mfupa kutoka chini kwenda juu, polepole, sentimita kwa sentimita. Akafika mahali nikapiga kelele. Akarudi chini, akapanda tena, tukafika palepale, nikapiga kelele tena. Akasema: mtu mwenye msuli uliochoka nikimwambia anionyeshe panapouma, hupitisha kiganja kizima kwenye mguu. Mwenye mfupa uliopata ufa huonyesha kwa kidole kimoja.

Akanieleza jambo ambalo laiti ningelijua wiki sita kabla. Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna chembechembe zinazobomoa mfupa uliochoka, na nyingine zinafuata nyuma kujenga mpya. Mazoezi ndiyo yanayoiamsha kazi hiyo, na ndiyo maana mkimbiaji aliyepanda taratibu ana mifupa imara. Ila wabomoaji wana haraka na wajenzi ni wapole. Ukiongeza kilomita ghafla, kuna majuma ambayo ukuta wa zamani umekwisha vunjwa na wa pili haujakauka, na wewe bado unauegemea. Kila mguu unapotua unabeba uzito wa mwili mara mbili au mara tatu, na kilomita 42 zina hatua kama 40,000. Ufa wa namna hiyo ni mwembamba kama unywele, na mara nyingi eksirei ya mwanzo haiuoni. Huonekana baada ya majuma kadhaa, mfupa unapokuwa umeanza kujiunga na kuacha uvimbe mdogo. Dawa yake ni kuacha kukimbia wiki 6 hadi 8. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningezimaliza zile kilomita 15. Akasema huenda mfupa ungekatika kabisa njiani, na hapo tungekuwa tunazungumza habari za vyuma na miezi.

Ndugu yangu uliyesogeza redio, basi nisikilize hapa, kwa sababu maumivu hayafanani na mkimbiaji anayajua majina yake vibaya. Kuna maumivu ya kawaida ya mazoezi: yako miguu yote miwili, yameenea, ukishapasha mwili moto yanapungua, na baada ya siku mbili tatu yamekwisha. Hayo kimbia nayo. Kuna ya mkano, mathalani ule wa nyuma ya kisigino: asubuhi umekaza kama kamba ya ngozi iliyokauka juani, ukitembea unalegea. Huo unakuonya, nao hupona kwa uvivu kwa sababu damu inayoufikia ni kidogo. Punguza, usisubiri ukatike. Na kuna haya ya kidole kimoja. Yako upande mmoja, yanaongezeka kadiri unavyokimbia, ukirukaruka kwa mguu huo mmoja unayapata palepale, na usiku yanakuja yenyewe wakati umelala hujafanya lolote. Hayo usikimbie nayo hata mita mia.

Na vile vidonge. Najua vinauzwa kila duka la dawa na mtu hakuulizi neno. Vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni havitibu ufa. Vinaziba mdomo wa mguu ili usikie baadaye. Tena siku ya mbio mwili umepungukiwa maji, damu inayokwenda kwenye figo imekwisha kupungua, na vidonge hivyo vinaipunguza zaidi. Mtu anamaliza na medali shingoni na figo ziko taabani. Hili linaniumiza kuliko yote kwa sababu nimeona watu wakigawana vidonge hivyo kwenye mstari wa kuanzia kama peremende, kwa upendo kabisa, chukua na wewe. Wataalamu wa fiziotherapia wapo kwenye hospitali zetu kubwa, na wengi wetu hatujawahi hata kuuliza mlango wao uko wapi.

Nilikaa nyumbani wiki 8. Mguu juu ya mto, roho imenyong'onyea. Nilijiona nimemwangusha Akhwari. Nikaanza kusoma habari za siku ile ya Mexico City, kila nilichokipata, na ndipo nikakuta jambo ambalo kwenye vikundi vyetu sijawahi kulisikia.

Katika mbio zile zile alikuwamo Abebe Bikila.

Bikila, wasikilizaji. Mtu aliyeshinda Roma 1960 bila viatu, akashinda Tokyo 1964 wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, wa kwanza duniani kuchukua marathoni ya Olimpiki mara mbili. Kama kuna mtu aliyejua kustahimili maumivu chini ya jua hili, ni yeye. Alikwenda Mexico mguu ukiwa unamsumbua tangu kabla ya mbio. Akaanza pamoja na wengine. Akakimbia kama kilomita 17. Akatoka njiani. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea na kuirudisha dhahabu Ethiopia.

Niliisoma mara tatu. Kilomita chache tu kabla ya pale Akhwari alipoanguka, bingwa mkubwa kuliko wote alikuwa ameacha mbio kwenye barabara ile ile. Wote wawili waliumia. Mmoja alikwenda, mmoja aliacha, na sijamsikia mtu hata mmoja anayemwita Bikila mwoga. Tusidanganyane lakini: hatukupata kuona kama mguu ule ungemrudisha mbioni, maana mwaka uliofuata ajali ya gari ilimpoozesha miguu. Siwezi kukuambia kwamba kuacha kulimpa mavuno. Nakuambia tu kwamba aliujua mguu wake, na akausikiliza mbele ya dunia nzima.

Na Akhwari? Jeraha lake lilikuwa la kuanguka, la saa ile, limeonekana, limefungwa. Halikuwa limempigia hodi wiki sita akiliziba kwa vidonge. Tena hakuliongopea: alitembea pale lilipomtaka atembee, hakuona aibu ya kuchechemea mbele ya watu. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akawa wa 5 kwenye marathoni, kwa saa 2 na dakika 15. Kwenye vikundi vyetu habari yake inaishia Mexico, lakini mwenyewe hakuishia huko. Goti lile lilipona, likarudi kazini.

Halafu kuna lile jibu lake. Kanuni za Olimpiki za wakati ule ziliwataka wote wawe wanamichezo wa ridhaa, lakini yeye mwenyewe alisema nchi ilimtuma. Alikuwa amebeba Tanzania yenye umri wa miaka minne tangu Muungano, mbele ya dunia ambayo nusu yake haikujua iko wapi. Mimi na wewe nani ametutuma? Tumekimbia kwa ridhaa yetu. Neno hilo nimelifikiria sana nikiwa nimelala pale na mguu juu ya mto. Ridhaa ni kukubali mwenyewe, na aliyekubali mwenyewe hana wa kumwomba ruhusa siku anapositisha. Sikumwangusha mtu pale kilomita ya 27. Muda wote wa maandalizi nilikuwa nimeukana mguu wangu mwenyewe, na hilo ndilo linalonisikitisha hadi leo.

Nilirudi kukimbia taratibu mno. Siku ya kwanza dakika 1 kukimbia na dakika 2 kutembea, mara sita, kwenye njia ya udongo na si kwenye lami. Siku ya pili sikukimbia kabisa. Mtoto wangu mdogo alinisindikiza na baiskeli na alikuwa ananingoja mbele kila baada ya hatua chache. Miezi mitano baadaye nilikimbia kilomita 10 bila maumivu nikapita kwa yule mama kununua ubuyu. Alinitambua. Hakuniuliza habari yangu, aliuliza, "Mguu?" Nikamwambia umepona. Akasema, "Ehe."

Mbio zilizopita za jiji sikukimbia. Niliomba kusimama njiani kugawa maji, na nikaomba kituo kiwe karibu na meza ile. Saa mbili na nusu hivi asubuhi akaja kijana, anakimbia kwa upande wa nje wa mguu wa kulia, midomo imekauka, macho yako mbali. Alichukua maji, akamwagia kichwani. Nikamwambia pole, akaniambia asante dada, ni misuli tu, nitafika. Nikamwomba jambo moja: anionyeshe panapouma.

Alisita. Kisha akainama, akapeleka mkono kwenye ugoko, na nikawa nauangalia ule mkono unavyoshuka. Vidole vinne vikakunjika. Kikabaki kimoja.

Yule mama alikuwa ameshainuka, kigoda kiko mkononi.